Kidole Hiki Hakifungwi Uzi

4 Machi

Mpendwa Kifaranga,

Nimejifungua. Mtoto wa kiume, mzima, ana sauti ya kuuzia magazeti. Mimi pia ni mzima, ila nimekasirika, na hasira imewahi kalamu kabla ya usingizi.

Sikukupigia kwa sababu katika nyumba hii nikishika simu tu, mama mkwe anakuja kukaa karibu na kuanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Barua hawezi kuisikiliza.

Jambo lenyewe ni hili. Mtoto ana kidole cha ziada. Si kijinyama cha kuning'inia. Ni kidole hasa, kina kucha, na nikikibonyeza nasikia mfupa. Kimeota pembeni mwa gumba, kana kwamba gumba limepata pacha. Mkunga alikitazama, akasema tumpeleke kwa daktari wa mifupa akishapata nguvu kidogo, akaendelea na kazi yake. Mimi nami ningeendelea na yangu. Lakini mama mkwe aliingia wodini, akafunua shuka, akafunika tena upesi kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mwenyewe yumo.

Hakuniuliza hali. Aliniuliza nilikuwa nakata nini siku zile za mwanzo wa mimba. Unaijua kazi yangu, mdogo wangu, nilikuwa nakata nguo za watu. Basi ikawa hiyo: ni mkasi. Tulipofika nyumbani maneno yakatiwa chumvi zaidi, nikaulizwa kwetu kuna nini ambacho tulikificha wakati wa uchumba. Baba mtoto yuko njiani na lori lake, hajamwona hata mwanawe, na mama yake anataka jambo liishe kabla hajarudi.

Kuisha kwenyewe ni kwa uzi. Anataka kukifunga kidole, akikaze mpaka kikauke kianguke chenyewe. Na uzi anautaka kwangu, ule mnene wa kushonea jinzi. Alikuja na kile kitambaa chake cha mkononi, maana ndivyo alivyo, hata chai anakunywa kitambaa kimezungushwa mkono wa kulia kama malkia, akaniomba kwa upole kabisa. Nikamwambia uzi umeisha. Fundi cherehani mzima, eti uzi umeisha. Sasa nimekifunga chumba cha kazi, ufunguo nimeutia kifuani, na wateja wanagonga hawapati nguo zao. Potelea mbali.

Wewe uko huko unafungua mayai kutazama vifaranga vinavyoumbika. Niambie kidole hiki kimetoka wapi, na uzi utafanya nini. Nimeuchora mkono wake akiwa amelala, kwenye karatasi ninayokatia vipimo, nikakukatia jozi nzima. Imo ndani ya bahasha.

Niandikie maneno ya kuweza kusomwa kwa sauti, maana nitayasoma kwa sauti.

Dada yako

&nbsp;

15 Machi

Dada yangu,

Hongera. Nimeibandika ile jozi ya mikono ukutani juu ya hadubini yangu, na kila anayepita anauliza ni ya nani. Nasema ni ya mjomba wangu mpya. Mkuu wetu wa maabara alisahihisha, akasema mtoto wa dada hawezi kuwa mjomba. Nikamwambia kwa mikono ile anaweza kuwa chochote anachotaka.

Uzi: hapana. Wasomee hilo kwanza, kabla hawajachoka kusikiliza. Kidole chenye mfupa kina mishipa ya damu na ya fahamu. Ukikifunga kinaoza kikiwa bado kimeshikamana na mtoto, na uozo unaweza kupanda mkononi. Nilimuuliza na daktari wa upasuaji wa watoto anayekuja hapa kwetu, akakunja uso kabla sijamaliza swali.

Sasa, kimetoka wapi. Mkono huanza kama kivimbe kidogo ubavuni mwa kiinitete, hakina kiwiko wala kucha. Kwenye ukingo wa nyuma wa kivimbe hicho, upande utakaokuwa wa kidole cha mwisho, kuna kikundi cha seli kinachotengeneza protini fulani na kuitoa nje. Protini inasambaa kwa seli jirani. Zilizo karibu zinaipata nyingi, zilizo mbali zinaipata kiduchu, na gumba huota kule ambako karibu haifiki. Seli haina macho wala haijui kusoma ramani. Inajua iko wapi kwa kupima imeletewa kiasi gani.

Unakumbuka ulivyonifundisha kutia alama mbili nyuma ya mkono wa shati na moja mbele, nisije nikaushona kinyume? Protini hiyo ndiyo alama ya nyuma. Kazi yangu mimi ni kutoboa kidirisha kwenye ganda la yai, kuchukua kishanga kidogo kuliko ufuta kilicholoweshwa protini ile, na kukipachika ukingo wa mbele wa bawa, mahali ambapo hakitakiwi. Naziba dirisha kwa utepe wa gundi, narudisha yai kwenye joto. Bawa linatoka na vidole vya ziada, vimepangwa kama vinajitazama kwenye kioo. Kifaranga hajakosea kitu. Seli zililetewa habari, zikaifuata.

Kwa mtoto wetu hakuna aliyepachika shanga. Seli za mbele zimetoa protini ile zenyewe, kidogo tu, na mara nyingi ni kwa sababu ya badiliko dogo kwenye urithi, katika ile sehemu inayoamua itolewe wapi. Mkasi wako hauhusiki hata chembe. Vidole vilipangwa wakati tumbo lako halijaonekana, pengine ulikuwa bado unadhani ni malaria.

Na kwa kuwa mikono yote miwili imefanana hivi, sina shaka kwamba ni jambo la ukoo. Limetoka kwetu au limetoka kwao. Kwetu nimehesabu vidole vya wote ninaowakumbuka, mpaka vya babu kwenye picha ya harusi yake. Hebu hesabu vya kwao.

Usikubali, dada. Ufunguo ubaki hapo hapo ulipo.

Kifaranga wako

&nbsp;

27 Machi

Kwako binti,

Nakuandikia mwenyewe ili usije ukasema umeletewa maneno. Mimi ni mama yake baba mtoto.

Dada yako alisimama katikati ya sebule yangu, mtoto begani, akaisoma barua yako kama msomaji wa taarifa ya habari. Wanangu wawili wa kike walikuwepo na waume zao. Alipofika pale pa kuhesabu vidole vya kwetu, wote walitazama mikono yao. Mimi nilikuwa namimina chai.

Sasa nikuulize wewe unayeona mpaka seli: hiyo mikono miwili uliiona wapi? Mtoto ana kidole cha ziada mkono wa kulia tu. Wa kushoto una vidole vitano kama wako. Dada yako alichora mkono mmoja, akakunja karatasi, akakata mara moja zikatoka mbili, kama anavyokata mikono ya mashati. Nilimuuliza mbele ya wote, akasema ni mazoea. Wewe nawe huko ukabandika ukutani, ukakosa shaka, ukaandika hukumu juu ya ukoo wa watu ambao hujawahi kunywa nao hata maji.

Kama umekosea hapo, umekosea wapi pengine?

Kwetu hakuna kitu hicho. Nimemaliza. Na hilo la uzi usidhani nasema kwa roho mbaya. Mtoto huyu ni damu yangu. Wewe hujui watoto wanavyomcheka mwenzao kwa ajili ya mkono. Hujui kukaa darasani umeukalia mkono wako mpaka unakufa ganzi. Hayo mayai yako hayaendi shule.

Shemeji yangu mkubwa, ambaye ndiye mzee wa ukoo tangu mume wangu afariki, atakuja baba mtoto akirudi. Yeye ataamua. Ukitaka kuandika tena, niandikie mimi, usimtumie dada yako maneno ya kunisomea mbele ya wakwe.

Bibi wa mtoto

&nbsp;

6 Aprili

Mama, shikamoo.

Umenishika pabaya, na umenishika kwa haki. Kiinitete cha kuku hulalia ubavu wa kushoto, kwa hiyo sisi hushughulikia bawa la kulia, na la kushoto tunaliacha lilivyo ili tulinganishe. Kazi yangu yote ni kutazama pande mbili. Halafu nikaletewa mikono miwili iliyolingana mpaka ncha za kucha, na sikujiuliza ni mtoto gani duniani mwenye mikono inayolingana namna hiyo. Nilikuwa na hasira kwa ajili ya dada yangu, nikaona nilichotaka kuona.

Kwa hiyo nalifuta neno langu la "sina shaka". Ikiwa ni mkono mmoja, inaweza kuwa ni jambo la ukoo lililojitokeza upande mmoja, hutokea. Inaweza pia kuwa limeanza kwa mtoto huyu, hapo hapo, bila kupitia kwa mtu yeyote. Siwezi kusema limetoka kwenu. Nakuomba radhi, na unayo ruhusa kuwasomea barua hii wote waliosikia ile ya kwanza.

Lakini kuna mawili siyafuti hata nikiitwa mbele ya mzee wa ukoo. Mkasi wa dada yangu haukufanya lolote. Na uzi usifungwe, kwa sababu mfupa ni mfupa, uwe mkono mmoja au yote miwili. Mzee akiamua ufungwe, atakuwa ameamua kumuumiza mtoto, na mimi nitaandika hivyo hivyo kwake.

Neno moja zaidi, si la kubishana. Nimetafuta sana popote ambapo ningeweza kuandika kwamba mtu fulani alikosa, sijapaona. Seli zilitoa kitu kidogo mahali pengine. Hakuna aliyekosa, si mama wala bibi wala aliyewatangulia. Na hilo la kuchekwa silijui, umesema kweli. Umelieleza kama mtu anayelijua.

Wako kwa heshima,
Mdogo wa mkweo

&nbsp;

17 Aprili

Kifaranga,

Nimeipata nakala uliyonitumia ya barua yako kwa mama mkwe. Umenipokonya fimbo mkononi katikati ya ugomvi.

Haya, nilikosea kukata. Miaka yote nakata jozi kwa mkupuo, mkono wenyewe ulikwenda bila kuniuliza. Lakini ulikuwa na haja gani ya kumwandikia yule mama kwamba umefuta maneno, na kumpa ruhusa ayasome? Ungeniandikia mimi kwanza tukajua la kufanya. Mkweli sana wewe. Ukweli wako utakuja kunifungia mtoto uzi.

Halafu kuna kitu kimenishangaza. Barua yako ilifika, akaipokea mlangoni mwenyewe, nikajikaza nikijua jioni nitasomewa. Hakusoma. Aliingia nayo chumbani, na chakula akasema hana hamu. Kesho yake wanawe walikuja, nikasubiri tena. Aliwauliza habari za watoto wao tu. Sasa mtu anapewa ushindi mkononi, mbona hautumii? Naona anaiweka akiba kwa ajili ya Jumapili.

Jumapili ndiyo siku yenyewe. Baba mtoto amerudi. Alimchukua mwanawe, mtoto akalidaka lile gumba refu la baba yake akaling'ang'ania, na baba akacheka mpaka machozi. Kile kidole alikitazama tu, akakibusu. Nikajua nimepata mtu wa upande wangu. Kulipokucha akaniambia, labda mama anajua zaidi. Nimempa vidonge vyake. Nimemwambia lori analiendesha mwenyewe kuvuka milima, lakini akifika sebuleni usukani anamwachia baba yake mkubwa. Akaenda kuosha lori ambalo lilikuwa safi.

Mama mkwe aliniagiza nimshonee mtoto glavu, wageni wasione. Nimeshona. Nimeshona nyekundu, ya mkono wa kulia, vidole sita, na hiki cha ziada nimekitia uzi wa kung'aa kwenye mshono. Alipoiona alishika mlango.

Siogopi, nakwambia kweli. Nilidhani nitaogopa. Nimekaa na mtoto huyu nikimnyonyesha, mkono wake umekaa juu ya ziwa langu na vidole vyote vinafanya kazi, hakuna kilichokaa bure. Nitampa nani hiki akifunge? Wakitaka nirudi kwetu, nitarudi na cherehani langu na mtoto wangu na kidole chake. Sikubali ng'o.

Usiniandikie mpaka nikuandikie. Bado nimekukasirikia.

Dada yako, na bado nakupenda

&nbsp;

26 Aprili

Kwako mwanangu,

Dada yako ataandika akipata nafasi. Mimi nimemwomba niandike kwanza.

Barua yako niliisoma mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Ulikuwa umenifungulia mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ulikuwa mpana. Ningesimama pale sebuleni nikaisoma, dada yako angebaki na mkasi wake na mimi ningebaki na heshima yangu. Kila nilipotaka kutoka chumbani kwenda kuisoma, lile neno lako la mwisho linanirudisha. Uliandika kwamba nimeeleza kama mtu anayejua. Nilikuchukia kwa neno hilo.

Jumapili shemeji alikuja na uzi wake mwenyewe mfukoni, wa kushonea viatu. Alikuwa ameambiwa kwamba nyumba hii ina fundi lakini haina uzi. Mwanangu alitazama sakafu. Dada yako alikaa kiti cha katikati, mtoto mapajani amevaa ile glavu nyekundu, ionekane mpaka barabarani. Shemeji alizungumza muda mrefu kuhusu jina la ukoo. Alipomaliza dada yako akasema, "Atakayemgusa aanze na mimi." Hakupandisha sauti. Nilimpenda pale, na sikutaka kumpenda.

Shemeji akanyoosha mkono akaivuta glavu, akakibana kidole kati ya vidole vyake ili apime pa kufunga. Mtoto akalia. Binti yangu, kilio kile mimi nakijua kwa ndani.

Nikakifungua kitambaa nikakiweka mezani. Nikaweka mkono wangu wa kulia mbele ya shemeji, nikamwambia, "Uzi haufungwi hapa. Nilifungwa mimi, inatosha."

Dada yako hakuwahi kuuona mkono huo. Mume wangu aliuona, akaenda na siri hiyo kaburini. Kwenye shina la gumba nina kovu, na chini ya kovu nina nundu ya mfupa. Mama yangu mdogo alinifunga nilipokuwa nimeanza shule, kwa sababu nilirudi nalia nimechekwa. Kidole hakikukauka. Kilitunga usaha, nikalala na homa sijui mchana wala usiku, na mwisho wakakikata wakiwa wamenishika watu wanne. Tangu hapo gumba halikunji sawasawa. Ndiyo maana mimi si wa kushona wala wa kudarizi, siwezi kubana sindano. Watu wanadhani najisikia. Mkwe wangu amenishonea vitambaa miaka yote hiyo, hajui anashonea nini.

Usidhani naungama. Anayeungama ni mwenye kosa, na wewe mwenyewe umetafuta kosa hukuliona. Lililo langu ni lile la mkasi. Hilo nimemwambia dada yako uso kwa uso: nilitaka watu watazame mikono yake wasitazame wangu. Aliniambia limemuuma sana. Akanipa mtoto nimshike. Sijui kama ndiyo kusamehewa. Nimempokea mtoto.

Shemeji aliurudisha uzi mfukoni, akasema wanawake wa nyumba hii wameota pembe. Nikamwambia ni vidole.

Na hili liandike kwenye kazi yako, maana najua utalitaka. Gumba la mwanangu lina pingili tatu. Watu wote wana mbili. Nilizihesabu siku aliyozaliwa, nikanyamaza mpaka Jumapili. Nilipomwambia azihesabu alikaa akilikunja na kulikunjua gumba lake kama mtu aliyepewa saa mpya, halafu akainuka akaenda kukaa karibu na mkewe, alipopaswa kukaa tangu mwanzo.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi, ni la ukoo, na ni la upande wangu. Ulifika kwa njia ya makosa, usije ukavimba kichwa.

Juzi tumeenda kwa daktari wa mifupa, sote wanne, mtoto bila glavu. Anasema anaweza kukitoa kwa upasuaji akikaribia mwaka, kwa dawa ya usingizi, ili gumba lishike vizuri, au kinaweza kubaki. Dada yako hajaamua. Nimewaambia wote kwamba anayemsukuma atakutana na mimi. Kwenye foleni mwanamke mmoja alimtazama mtoto, akauliza ni nini hicho. Nikamwonyesha na wangu. Akahamia benchi jingine, tukapata nafasi ya kuweka mizigo.

Chumba cha kazi kimefunguliwa, wateja wanagombana foleni. Dada yako ameniuliza kama anishonee vitambaa vipya, maana vya zamani vimechakaa. Nimekataa. Kile cha mwisho anacho yeye begani, anamfutia mtoto udenda. Ila nimeagiza glavu. Nyekundu ile ile, mkono wa kulia na wa kushoto, na kwenye gumba la kulia aache nafasi ya nundu.

Nimemwambia apime mikono yote miwili. Asikunje karatasi.

Bibi wa mtoto